Kumi Kata

Kochi wetu hakusalimiana kwa viganja. Ukimnyooshea mkono alikugeuzia kifundo cha wake, ukakishika hicho, na salamu zikaishia hapo. Wageni walidhani anaringa. Ukweli ni kwamba viganja vyake vilikuwa vimelowa karibu mchana kutwa, na vikikauka vilipasuka kwa sabuni. Lakini mimi nilimjua miaka mingi, na naamini kulikuwa na sababu ya pili. Angekupa kiganja, angeanza kupima unavyoshika, na asingepata raha mpaka akurekebishe.

Mambo ya ukoo wake sitayasimulia kwa sababu yeye mwenyewe hakuyasimulia. Alikuwa mwanamke Mkamba, lafudhi ilimtangaza kabla hajamaliza sentensi, mfupi, mpana wa mabega, na alikaa Mashimoni, Kibera, katika chumba cha mabati hatua chache kutoka kioski cha maji. Riziki yake ilikuwa kufua. Alikuwa mama fua, mmoja wa wale wanawake wanaokaa kando ya barabara asubuhi wakingoja kuitwa na wenye nyumba za mageti ng'ambo ya Kawangware. Jioni alikuwa mwalimu wa judo. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata kanisani aliitwa Kochi, na siku mchungaji alipojaribu kumwita dada, aligeuka kutazama nyuma yake aone ni nani anayeitwa.

Mimi ni fundi wa nguo. Siku hizo cherehani yangu ilikuwa Laini Saba, kando ya reli, kati ya muuza omena na fundi wa majiko. Kochi aliniletea jaketi la judo lililochanika kola. Kwa asiyejua, judo ni mchezo wa Wajapani wa kuangushana. Wachezaji huvaa majaketi mazito ya pamba, na kila kitu huanzia kwenye kulishika jaketi la mwenzako. Mimi sikujua. Nililishona kama ninavyoshona kola ya shati la shule, nikajisifu moyoni. Wiki iliyofuata alirudi nalo limechanika palepale, akalitupa juu ya cherehani nikiwa katikati ya mshono wa mtu mwingine.

"Fundi, hii umeshona ya kuvaliwa," akasema. "Mimi nataka ya kushikwa."

Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nilimwambia hakuna uzi duniani unaoweza kuvumilia fujo ya namna hiyo, na kama kuna mtu anayevuta nguo hivyo, basi nimwone. Akaniambia niende nimwone. Nilikwenda jioni ileile kubishana, nikakaa miaka.

Mazoezi yalifanyika katika chumba cha shule ya chekechea, hapo Mashimoni. Viti vidogo vilirundikwa pembeni, vipande vya sponji vikapangwa sakafuni na kufunikwa turubai la lori. Kochi alinivalisha jaketi, akasimama mbele yangu, akaniambia nishike kola yake kwa nguvu zangu zote. Nilishika. Mimi nashinda na mkasi kutwa nzima, vidole vyangu si vya mchezo. Akahesabu polepole mpaka kumi, uso umetulia kama wa mtu anayengoja chai ichemke. Alipofika kumi akasema "kata", akageuza bega, akashusha mikono yake miwili juu ya mkono wangu mmoja, na nikajikuta nimeshika hewa. Sikuelewa kilichotokea. Nikamwomba arudie. Alirudia mara sita, na mara zote sita nilishika hewa.

Hiyo kumi kata ina kisa chake, na bila kisa hicho huwezi kumwelewa Kochi. Judo aliipata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Zamani, kabla sijamjua, alifanya kazi ya kufua katika chuo fulani ambako mwalimu wa Kijapani alifundisha mchezo huo. Yeye alifua majaketi, na alipokuwa akiyaanika alitazama mazoezi kupitia dirishani. Mjapani alikuwa akipaza sauti: kumi-kata, kumi-kata. Kwa Kijapani hilo ndilo jina la vile vita vya mikono, namna ya kupata kola na mkono wa jaketi la mwenzako kabla yeye hajapata vyako. Lakini Kochi hakujua Kijapani. Alisikia Kiswahili. Alidhani yule mwalimu, maskini, amejifunza maneno mawili tu ya Kiswahili na anayatumia vizuri kabisa: ukishikwa, tulia, hesabu kumi, halafu kata.

Basi alikwenda nyumbani akajizoeza hivyo hivyo, jaketi mwilini, kola imefungwa kwenye nguzo ya kitanda. Siku alipokaribishwa ndani kujaribu, Mjapani alishangaa kuona mtu anayeshikwa na hajali, wakati wanafunzi wake wote walipapatika wakiguswa tu. Akamwuliza amefundishwa na nani. Kochi akamnyooshea kidole yeye.

Ilimchukua miaka kujua kosa lake. Hakulificha, alilisimulia kila alipopata mwanafunzi mpya, akicheka mpaka anashika mbavu. Lakini hakulirekebisha. Katika mashindano huwezi kungoja kumi, ukifika tatu umeshalala chali, na hilo alilijua kuliko sisi. Alisema kumi ni ya mazoezi, ni ya kuua woga. Mtu aliyeshikwa kola anataka kufanya kitu mara moja, chochote, na hicho cha kwanza huwa ni cha kijinga. Akishazoea kusimama ameshikwa mpaka kumi, akili yake inarudi na kumkuta mahali pake.

Mengine aliyofundisha yalikuwa sahihi moja kwa moja. Ukishika kola, kidole gumba kiwe ndani, vinne nje. Nguvu ianzie kidole kidogo, na cha shahada kilegee kwa sababu kazi yake pale ni kuchosha mkono tu. Mkono wa jaketi ushike chini ya kiwiko, ukunje kitambaa kidogo, na usiingize vidole ndani ya upindo, refa atakuadhibu. Usiende kutafuta kola kabla hujajua mkono wa pili wa mwenzako uko wapi. Na juu ya yote, shika nguo, usishike mtu. Aliyemfinya mwenzake nyama, au kumkwaruza, alitolewa nje akakae kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, mpaka mazoezi yaishe. Nimekaa kwenye viti hivyo mara nyingi.

Kila maelezo aliyafunga kwa swali moja: "Umeshika?" Nairobi neno hilo lina maana ya umeelewa. Kwa Kochi lilikuwa na maana zote mbili, na hukujua anauliza ipi, kwa hiyo ulijibu kwa mdomo na kwa vidole.

Majaketi yalikuwa manane, na hayakuwa ya mtu. Ulifika, ukapewa lililokutosha au lisilokutosha. Kochi aliyafua mwenyewe kila Jumapili baada ya kanisa na hakukubali mtu mwingine ayatie majini. Alikuwa akiyasoma. Alishika kola juani, akaigeuza, akakwambia wiki hii umeshikwa sana upande wa kulia, mbona unaachia upande huo? Siku moja aliniambia jaketi langu ni safi mno. Nilidhani ananisifu. Kumbe alikuwa anasema nimekuwa nikikimbia mikono ya watu.

Kufua alifua peke yake, lakini jaketi la judo likilowa ni zito, na kulikamua kunahitaji watu wawili. Kila mmoja anashika mwisho wake, mnapinda kinyume, mnahesabu pamoja mpaka kumi. Ukitaka kubadilisha mshiko unauliza "umeshika?", na huachii mpaka mwenzako ajibu "nimeshika". Ukiachia kabla, jaketi linaanguka kwenye tope na linarudi kwenye beseni tangu mwanzo. Kazi hiyo aliwapa watu waliogombana.

Ndivyo nilivyompata Njeri. Kochi alikuwa na kundi la pili Kawangware, katika ua wa kinu cha kusaga unga, na alikwenda huko kwa miguu mara mbili kwa wiki baada ya kufua. Njeri alifanya kazi kwenye kinu hicho, na nywele zake zilikuwa na vumbi la unga hata Jumapili. Mara moja kwa mwezi kundi lake lilikuja Mashimoni. Siku ya kwanza tu alinikwaruza shingo, mimi nikamfinya, na sote wawili tukajikuta kwenye viti vya chekechea tukitazama kuta tofauti. Jumapili hiyo Kochi alituita tukamue majaketi yote manane. Jaketi la kwanza hadi la nne hatukusema neno ila hayo mawili, umeshika, nimeshika. La tano lilituponyoka likaangukia mguu wa Kochi mwenyewe, akaruka akipiga kelele kwa Kikamba, na tukacheka mpaka tukakosa nguvu za kukamua yaliyobaki. Kuanzia hapo Njeri akawa ndiye ninayefanya naye mazoezi.

Sitaki kumfanya Kochi malaika. Alikuwa mwizi wa drafti: ukigeuka kumjibu mpita njia, kizibo chako kimoja kimehama. Mwanamke huyohuyo alimkataza mwanafunzi kushangilia ushindi uliotokana na adhabu ya mpinzani. Hakumwogopa mwanamume yeyote, lakini alikaa na jino bovu miaka miwili akikwepa daktari, akitafuna upande mmoja na kutwambia ni mazoea. Sifa za kumpa mtu hakuwa nazo kabisa. Ukifanya vizuri alinyamaza. Ukifanya vizuri sana alisema "si mbaya", na nilipokuwa chini yake nililisikia neno hilo mara tatu, hakuna hata moja lililokuwa langu.

Hapo ndipo palipokuwa na donda langu, na nitalisema wazi. Nilitaka kufundisha. Nilitaka Kochi aniachie kundi moja, la Kawangware au la Mashimoni, lolote. Nilimwomba mwaka baada ya mwaka. Alinitazama kana kwamba nimeomba kumfulia majaketi, akanijibu, "Bado hujashika." Niliudhika, nikasusa wiki moja, nikarudi.

Yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja tu, na alikisema bila aibu: makundi yake mawili yawe moja. Watu wa Kibera na watu wa Kawangware, wa ziwani, wa Ukambani, wa mlimani, washikane kola na kila mtu arudi kwao na shingo yake. Tulidhani ni jambo dogo.

Kisha uchaguzi wa mwaka 2007 ukaja, na matokeo yake. Sina haja ya kueleza moshi. Nilijua siku ile watu walipoacha kusalimiana kwa mzaha na kuanza kusikiliza jina lako la pili. Mimi ni mtu wa ziwa. Laini Saba na Mashimoni sikuwa na hofu ya majirani zangu. Njeri, ambaye ni Mkikuyu, asingeweza kukanyaga huko. Nami nisingeweza kukanyaga ua wa kinu chake. Wiki mbili tatu hatukuonana.

Katikati ya Januari mambo yalionekana kutulia, na Kochi akatuma neno kwamba mazoezi yanarudi. Watu walimwona amerukwa na akili. Waliokuja ni watano, na mmoja wao alikuwa Njeri, amekuja kwa miguu kutoka Kawangware asubuhi na mapema, shuka begani, bila kumwambia mtu. Hatukumaliza hata kujinyoosha. Maandamano yaliitishwa, mabomu ya machozi yakaanza kulia upande wa reli, na njia zikafungwa. Njeri hakuweza kurudi. Kochi akamweka chumbani kwake.

Siku ya pili mchana mimi na Kochi tulikuwa nje ya mlango wake tukikamua majaketi. Aliamua kufua ingawa haikuwa Jumapili. Alisema mikono ikikosa kazi inatetemeka. Njeri alikuwa ndani, pazia limeshushwa. Vijana wapatao kumi wakaja kwenye kichochoro, na wa mbele alikuwa Oti, ambaye alifanya mazoezi nasi miaka miwili kisha akaacha. Alikuwa hodari, lakini alishika kola na kidole gumba nje, na Kochi alimsumbua kwa hilo mpaka akachoka.

Kochi akanitazama. "Umeshika?"

"Nimeshika."

Akaniachia mwisho wake wa jaketi, akafuta viganja kwenye leso, akasimama kati yao na mlango.

"Kochi, sisi hatuna maneno na wewe," Oti akasema. "Toa tu huyo dame wa Kawangware."

Kochi akamjibu kwamba humo ndani hamna dame wa Kawangware, mna mwanafunzi wake, na mwanafunzi hatolewi katikati ya mazoezi. Mmoja nyuma akasema huyu mathe naye ni walewale. Siku hizo mkubwa mmoja kutoka Ukambani alikuwa amekubali cheo serikalini, na Wakamba wa Kibera walikuwa wakitazamwa kama wao ndio waliokula kiapo. "Watu wenu walituuza," Oti akasema, akamkamata kola ya sweta, akamvuta mpaka visigino vyake vikainuka.

Nilisimama na jaketi lililolowa mikononi, nusu yake ikinidondokea miguuni, na sikuweza kusogea.

"Kidole gumba," Kochi akasema. "Kiko nje tena."

Na Oti akakiingiza ndani. Naapa nilikiona kikiingia. Mwili wake ulitii kabla kichwa hakijaulizwa, na mwenzake mmoja nyuma akacheka bila kutaka.

Kochi hakucheka. Akaanza kuhesabu, polepole kama kawaida yake. Moja. Mbili. Tatu. Mimi nilijua kinachokuja kwenye kumi, na Oti alijua kuliko mimi, maana alikikuta mara mia juu ya turubai, na hapa chini hapakuwa na turubai, palikuwa na mawe na mtaro. Wale wengine hawakujua, wakawa wanatazamana. Nne. Tano. Kochi alimtazama usoni kama anavyotazama mwanafunzi, si kwa hasira, bali kwa ile subira yake ya kuudhi. Alipofika saba niliona vidole vya Oti vikilegea, kidogo kwanza. Alipotamka nane mkono ulikuwa umeshuka. Kochi akaendelea peke yake mpaka kumi, kwa sababu hakuwahi kukatiza hesabu.

"Umeshika?" akamwuliza.

Oti akageuka, akawaambia wenzake twende, na wakaenda. Jioni ile chumba cha chekechea kilivunjwa, sponji na turubai vikabebwa. Sijui ni nani aliyefanya hivyo na sikutafuta kujua.

Nilipoingia ndani Kochi alikuwa ameketi juu ya ndoo, na kikombe cha chai alichopewa na Njeri kiligonga meno yake. Alituambia hakujua angefanya nini akifika kumi. Goti lake lilikuwa limevimba tangu Krismasi na asingeweza kuangusha hata kiti. Nimewahi kuona watu wakipewa medali. Sijaona mtu niliyejivunia kumjua kama nilivyojivunia kumjua mwanamke yule siku ile, juu ya ndoo, chai ikimwagikia leso.

Kesho yake asubuhi ilibidi Njeri aondoke. Kochi akatoa majaketi yote manane, yaliyokuwa yamekauka, akayatia tena majini. Nilidhani woga umemharibu. Akatueleza kama mama fua anavyojua: nguo kavu ni mzigo wa mtu anayehama, na anayehama ana sababu, nguo mbichi ni kazi, na mtu hasimamishi kazi. Akayajaza kwenye beseni kubwa la mashikio mawili. Shikio moja nikashika mimi, la pili Njeri, yeye akatangulia na kipande cha sabuni mkononi. Hatukuruhusiwa kuachia bila kuulizana.

Tulipita Kibera nzima hivyo, mimi nikisalimia kwa Kijaluo pale ilipohitajika, na hakuna aliyeuliza nani yuko kwenye shikio la pili. Baada ya hapo barabara ilikuwa tupu. Karibu na Kawangware tulikuta mawe yamepangwa njiani, na vijana wa upande wa pili, wenye marungu. Mmoja akasema vitambulisho. Njeri akamjibu kwa Kikuyu, na kijana akamtambua. Alikuwa akisagisha mahindi kinuni kwao. Kisha akaninyooshea rungu mimi.

Sasa beseni lilikuwa zito kuliko tulipolitoa. Njeri akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ya kawaida kabisa, "Umeshika?" Nikamwambia nimeshika. Lakini yeye hakuachia. Aliendelea kushika shikio lake kwa mikono miwili, akamgeukia yule kijana, akasema kwa Kikuyu, nami nikaelewa maneno machache: fundi, wangu, nguo. Baadaye alinitafsiria. Alimwambia huyu ni fundi wangu, akiweka beseni chini atafute kitambulisho nami nitaliweka, na nguo zikiingia tope utazifua wewe. Kochi, ambaye alikuwa ametangulia, akarudi nyuma, akatazama kola ya shati la kijana, akaisugua kwa vidole viwili, akamwambia ni chafu, ailete Alhamisi. Kijana akatazama kola yake. Tukapita.

Tulianika majaketi kwenye ua wa kinu, manane, yanapepea mbele ya watu wote. Kochi akanirudisha Kibera kwa njia ndefu, beseni tupu kichwani mwake.

Mazoezi yalirudi mvua za masika zilipokaribia kwisha, juu ya magunia yaliyojazwa nyasi kavu. Oti hakurudi. Siku ya kwanza nilimshika Kochi kola, akahesabu mpaka kumi, kisha akasita. Neno kata tulikuwa tumelisikia sana mitaani mwezi ule wa Januari, likimaanisha kitu kingine. "Achia," akasema, na tangu siku hiyo ikawa hivyo. Kumi, achia. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Makundi mawili yakawa moja mwaka huohuo, wiki hii Mashimoni, wiki ijayo kinuni. Nikamwomba tena kufundisha, na tena akaniambia bado hujashika.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya miaka michache iliyopita. Alikuwa amehamia Kambi Muru, hukohuko Kibera, chumba chenye kibaraza. Vidole vilikuwa vimepinda, viungo vimevimba, na daktari alikuwa amemkataza maji baridi, jambo ambalo alilisimulia kana kwamba daktari ndiye mgonjwa. Tayari mimi na Njeri ndio tuliokuwa tukiongoza mazoezi, kwa sababu yeye alikuja na kukaa tu kwenye kiti, lakini hakuwahi kusema kwamba tumepewa. Na majaketi aliendelea kuyafua mwenyewe.

Nilimkuta Jumapili mchana, ameshayatoa kwenye maji ya mwisho, ananingoja tukamue. Tulikamua saba. Alinilaumu napinda vibaya, napinda upesi, sina subira, na kwamba Njeri hukamua vizuri zaidi. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nikitazama mikono yake. Haikuwa ikifunga tena. Aliuzungusha mwisho wa jaketi kwenye kifundo, palepale alipokuwa akiwapa watu salamu, ndipo likamkaa.

Tulipofika la nane akasimama.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Hakuachia. Alinitazama usoni. "Nimekuuliza, umeshika?"

Ndipo nilipoelewa anauliza lipi. "Nimeshika, Kochi."

Akaanza kuhesabu. Alihesabu polepole kuliko siku zote, nami nikipinda upande wangu, maji yakitiririka kati yetu hadi kwenye mtaro. Alipofika kumi hakusema kata, wala hakusema achia. Akakifungua kitambaa kifundoni, akauchomoa mkono, na uzito wote ukaja kwangu kwa mara moja. Nililivuta juu. Halikugusa chini.

"Si mbaya," akasema, akaketi, na kwa kidevu akanionyesha beseni nilichukue.